Moto wa Makaa Kando ya Ziwa

Uvira ni mji uliobanwa. Mashariki kuna Ziwa Tanganyika, magharibi milima ya Mitumba imesimama karibu wima, na watu wamejipanga katikati, kwenye utepe wa ardhi ambao mahali pengine mtu anauvuka kwa miguu kabla chai haijapoa. Mito ya Kalimabenge, Mulongwe na Kavimvira inaukata utepe huo ikikimbilia ziwani. Mara nyingi mvua hunyesha kule juu wakati huku chini ni kukavu, na habari zake huletwa na mto wenyewe, kwa ngurumo ya mawe yanayobingirika gizani.

Kati ya tarehe 16 na 17 Aprili 2020 ngurumo hiyo ilishuka pamoja na matope. Mulongwe uliacha njia yake ukapita majumbani. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zilibomoka, na makumi ya maelfu ya wakazi wakabaki bila makao.

Maji yalipungua. Lakini mfikirie mama wa mtaa wa Kilibula. Wapo wengi wa namna yake, kwa hiyo hahitaji jina. Matone ya kwanza yakigonga bati usiku, anaamsha watoto, anawavalisha viatu, anatia kadi ya uchaguzi na hati za ubatizo ndani ya mfuko wa plastiki, anaufunga fundo, kisha anaketi kitandani mfuko ukiwa mapajani. Mumewe anamwambia hiyo ni mvua ya dakika kumi. Anajua. Anajua kabisa, na mikono inaendelea kutetemeka.

Watu husema moyo umeruka. Majirani wanaosema Kinyarwanda na Kirundi wana neno ihahamuka, na ndani yake mna picha ya mtu aliyeishiwa pumzi kwa hofu. Wataalamu wa nafsi hukiita kile kinachoamsha hali hiyo kichocheo: sauti, harufu, rangi ya sare, saa fulani ya usiku. Kichocheo hakimkumbushi mtu jambo lililopita kama picha ya ukutani inavyokumbusha. Kinamrudisha palepale, na mwili unatenda kama vile maji yapo mlangoni sasa hivi.

Kisa cha mafuriko na hofu kiliwahi kuandikwa kwa makini sana, ila si kuhusu watu. Ivan Pavlov, Mrusi anayekumbukwa kwa mbwa wanaotoka mate, alikuwa na maabara Leningrad. Tarehe 23 Septemba 1924 mto Neva ulifurika ukaingia kwenye vibanda vya mbwa wake. Wanyama wakaogelea vichwa vikigusa juu ya vizimba, na watumishi iliwabidi kuwazamisha kidogo ili wapite kwenye vijilango vilivyokuwa tayari chini ya maji. Waliokolewa. Siku zilizofuata Pavlov akaona jambo ambalo hakulipanga: baadhi yao walikuwa wamepoteza mafunzo ya miaka. Mmoja alipopata nafuu, watafiti waliachia maji kidogo tu yatiririke chini ya mlango wa chumba chake, na yule mbwa akaanza kuhangaika upya kana kwamba Neva umerudi. Pavlov huyohuyo aliandika pia juu ya hipnosisi, akiiona kama hali ya katikati, ambapo sehemu ya ubongo imelala na sehemu nyingine iko macho. Kwa mtu mmoja basi yamekutana mambo mawili ambayo tangu wakati huo hayajaachana: hofu inayowashwa na kitu kidogo, na njia ya kumfikia mwenye hofu akiwa si macho kamili wala usingizini.

Njia hiyo ndiyo inayouzwa leo katika miji mingi duniani kwa jina la hipnoterapia. Mtu anaketi, anaelekezwa kuhesabu pumzi au kukaza macho mahali pamoja, sauti ya mtaalamu inashuka na kurudiarudia, mpaka mambo ya pembeni yanafifia na linabaki wazo moja. James Braid, daktari Mskoti wa Manchester aliyelieneza neno hipnotismu kwa kitabu chake cha mwaka 1843, alilitoa kwenye jina la Kigiriki la usingizi, kisha akajuta. Aligundua kwamba wengi wa wagonjwa wake hawakulala; walikuwa wameshikwa na wazo moja. Alijaribu kubadilisha jina, lakini lilikuwa limekwisha kuzoeleka.

Je, inasaidia? Kwa kiasi. Mwaka 1989 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya watu 112 wenye majeraha ya nafsi waliogawanywa katika makundi: wengine wakatibiwa kwa hipnosisi, wengine kwa kuzoeshwa taratibu kile wanachokiogopa, wengine kwa mazungumzo ya uchambuzi wa nafsi, na wengine wakasubiri tu. Makundi matatu ya tiba yalipata nafuu kuliko wale waliosubiri, na hakuna tiba iliyoziacha nyingine mbali. Watu nao hawafanani. Wachache huzama upesi, wachache hawazami kabisa, walio wengi wako katikati. Kwa hiyo anayetangaza kwamba atafuta hofu ya yeyote kwa kikao kimoja ni wa kuogopwa kuliko hofu yenyewe.

Swali la Uvira, hata hivyo, halianzii kwenye takwimu. Linaanzia kanisani. Mama wa Kilibula akimwambia mchungaji wake kwamba kuna mtu anataka kumlegeza akili ili amwondolee hofu ya mvua, atakachoulizwa kwanza ni hiki: akili yako ikilegea, nani atakuwa mlinzi wa mlango?

Si swali la kijinga. Ukanda huu una Wapentekoste wengi; wamisionari wa Kiswidi walifika Uvira mwaka 1921, na kazi yao ndiyo iliyokuja kuwa kanisa la CEPAC. Katika imani hiyo nafsi si chumba kitupu. Kuna Roho na kuna roho, na mlango ulioachwa wazi haungoji mgeni mwema. Wakatoliki nao wana historia yao juu ya jambo hili. Mwaka 1856 Roma iliwaandikia maaskofu kuonya juu ya matumizi mabaya ya kile kilichoitwa sumaku ya wanyama, baba wa hipnosisi. Miaka 101 baadaye, Februari 1957, Papa Pius XII akijibu maswali ya madaktari wa ganzi alikubali kwamba hipnosisi inaweza kutumika kitabibu, mradi iwe mikononi mwa daktari na ndani ya mipaka ya maadili. Jimbo Katoliki la Uvira lilipoundwa mwaka 1962, kwa Mkatoliki jambo hilo lilikuwa limetoka kwenye orodha ya mashetani likaingia kwenye orodha ya dawa: kuna kipimo, kuna mwenye leseni.

Mtu anaweza pia kumjibu mchungaji kwa Biblia yake mwenyewe. Petro, akiwa juu ya dari kule Yafa, njaa inamuuma, aliingia katika hali isiyo ya kawaida na humo akaona maono yaliyofungua kanisa kwa mataifa. Elisha aliomba apigiwe kinanda kabla hajatoa unabii. Na aliyewahi kukesha katika chumba cha maombi cha Uvira anajua ngoma inavyorudia pigo lilelile, wimbo unavyozunguka mstari mmoja kwa nusu saa, sauti ya kiongozi inavyopanda, na watu wanavyoanguka. Waislamu wa mji huo wanaijua dhikri. Kusema kwamba kulegeza akili kwa sauti na mrudio ni ugeni ulioletwa na wazungu ni kujifanya hukukesha.

Tena kando ya ziwa hili nguvu ya neno lililotiwa katika sikio tayari imeshaingia vitani. Mei 1964 waasi wa Simba waliuteka Uvira. Vijana wao walioshwa kwa dawa ya waganga na kuambiwa kwamba risasi za adui zitageuka maji. Masharti yalikuwepo: usiguse kisicho chako, usimguse mwanamke, usiogope. Mwanamapinduzi Ernesto Guevara, aliyevuka ziwa kutoka Kigoma Aprili 1965 na kuishi milimani juu ya Kibamba kwa jina la Kiswahili la Tatu, aliisikiliza dawa hiyo ikielezwa na akaona upesi mahali ilipojifunga yenyewe. Aliyekufa alikuwa ameogopa. Aliyeogopa alikuwa amevunja dawa. Hakuna maiti ingeweza kuikanusha.

Hapa ndipo mjadala wa pepo au si pepo unapoonekana mdogo. Dawa ya Simba iliondoa hofu, na kwa muda iliondoa kwelikweli. Wanajeshi wa serikali walikimbia mbele ya vijana wenye mikuki. Lakini iliiondoa kwa faida ya nani? Iliondoa hofu iliyokuwa ikisema kweli, kwamba risasi inaua. Hofu ya mama wa Kilibula haiko mbali na hiyo. Mulongwe haujahama. Mvua kubwa itarudi, na mwenye kumtuliza mpaka asisikie mawe yakibingirika atakuwa amemfanyia kazi ileile ya mganga wa 1964. Hofu yake haikukosea jambo, imekosea kipimo. Mtaalamu mwaminifu wa hipnosisi, kama wapo watakaofika Uvira, ana ruhusa ya kushughulika na kipimo tu: apumue, mikono itulie, masikio yabaki kazini.

Kwa sasa Uvira haijulikani kwa kliniki za hipnoterapia. Anayesumbuka akili ana njia ya chumba cha maombi, njia ya mganga, au safari: kupanda hadi Bukavu kwenye kituo cha SOSAME, au kuvuka mpaka wa Kavimvira kwenda hospitali ya magonjwa ya akili ya Kamenge, Bujumbura, vyote vikiwa mikononi mwa Mabruda wa Upendo. Mpaka ukifungwa, njia moja inakatika. Barabara ya bonde la Ruzizi ikiwa na vita, ya pili inakatika. Kinachobaki wazi ni chumba cha maombi.

Kuna kipengele cha hipnoterapia ambacho wapenzi wake wanakisifu kuliko vyote, na ndicho kinachostahili kuogopwa zaidi upande huu wa ziwa. Mwanasaikolojia Mmarekani John Watkins alikieleza mwaka 1971 akakiita daraja la hisia. Mgonjwa akiwa amezama, anaambiwa aishike ile hofu ya leo, aikuze, kisha aifuate kinyumenyume mpaka mahali alipoihisi kwa mara ya kwanza. Mama anaanza na mvua ya jana. Daraja linampeleka 2020. Huenda lisisimame hapo, likampeleka utotoni, kwenye usiku ambao hajawahi kuusimulia. Mara nyingine mtu anaelewa kwa nini hofu yake ni kubwa kuliko mvua, na kuelewa huko kunampa nafuu.

Tabu ni kwamba daraja halina kizuizi upande wa pili. Mtu aliyezama katika wazo moja na kutakiwa aone chanzo, ataona chanzo. Mwanasaikolojia Elizabeth Loftus na mwenzake walionyesha mwaka 1995, bila hipnosisi yoyote, kwamba kati ya watu 24 walioambiwa kisa cha uongo cha kupotea dukani utotoni, karibu robo walifika mahali pa kukikumbuka chote au sehemu yake. Mwaka 1985 chama cha madaktari wa Marekani kilikuwa kimeshaonya kwamba kumbukumbu zinazochimbwa kwa hipnosisi hazitegemeki kama zile za kawaida, ingawa mwenye nazo huzishikilia kwa uhakika zaidi. Uhakika unaongezeka, ukweli hauongezeki.

Ncha hii ya ziwa ina mfano wake wa zamani. Aprili 1858 wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Uvira kwa mitumbwi wakitamani jibu moja: mto Ruzizi unatoka ziwani kuelekea kaskazini, uwe chanzo cha Nile, au unaingia? Watoto wa chifu wa pale waliwaambia bila kusita kwamba unaingia. Burton alisikia, akakata tamaa, akaandika hivyo. Miaka michache baadaye, baada ya kugombana na Speke juu ya Nile, akaanza kutetea kwamba huenda Ruzizi unatoka. Mto haukuwa umegeuka. Kilichogeuka ni haja ya mwenye kukumbuka. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipiga kasia hadi mdomoni kwake wakaona maji yakiingia ziwani, kama watoto wa chifu walivyosema.

Burton alipoteza hoja tu. Mahali ambapo chanzo cha shida hutafutwa kwa uso wa mtu, gharama ni nyingine. Mwaka 2021 katika Kivu Kusini, hasa eneo la Kalehe, wanawake walikamatwa na umati, wakapigwa na baadhi yao kuchomwa moto baada ya manabii wa kike wa vyumba vya maombi, wanaoitwa bajakazi, kuwataja kuwa wachawi. Mwenye kuota aliulizwa ameona nani, na akishaona, jirani mzee hakuwa salama. Sasa mpe mtu mwingine koti jeupe badala ya kitambaa cha nabii, mfundishe daraja la hisia kwa semina ya siku tatu, mwambie awaulize waliozama: nani yuko pale chumbani pamoja nawe? Bora mama abaki na mfuko wake mapajani.

Kwa hiyo anayeliangalia jambo hili kutoka Uvira analazimika kutenganisha vitu viwili ambavyo vitabu vya tiba huvifunga pamoja: kubadilisha kile kumbukumbu inachoufanyia mwili, na kubadilisha kumbukumbu yenyewe. Mmoja aliyetenganisha mapema alikuwa Mwafrika. Agostino wa Hippo, katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, alishangazwa na jambo ambalo wengine hulipita. Inakuwaje, alijiuliza, mtu akumbuke huzuni ya zamani bila kuhuzunika, akumbuke hofu bila kuogopa? Akaifananisha kumbukumbu na tumbo: chakula kitamu na kichungu vimo humo, lakini tumboni havina ladha tena. Kwa Agostino hilo lilikuwa fumbo la kawaida la kila binadamu. Mama wa Kilibula angemsikiliza akamwambia, Baba Askofu, changu bado kiko ulimini.

Hivyo ndivyo jeraha la nafsi lilivyo, na tiba, iwe ya hipnosisi au nyingine, kazi yake ni kusaidia chakula kishuke. Si kukitapisha, wala kukibadilisha kiwe kingine.

Waswahili wana methali inayopenda kujibu haraka hapa: yaliyopita si ndwele. Methali hiyo ilitungwa na watu waliokuwa na bahati ya kuwa na yajayo. Kati ya Ruzizi na Fizi yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe. Lemera, Oktoba 1996: hospitali ya wamisionari ambako Denis Mukwege alikuwa daktari mkuu ilivamiwa, wagonjwa wakauawa vitandani, na wauguzi nao wakauawa. Makobola, siku za mwisho za 1998 na za kwanza za 1999: mamia ya raia. Gatumba, ng'ambo tu ya mpaka, Agosti 2004: zaidi ya wakimbizi 150, wengi wao Wanyamulenge. Mutarule, Juni 2014: zaidi ya watu 30, wengine wakiwa kwenye ibada. Desemba 2025 waasi wa M23 waliingia Uvira yenyewe. Kila jamii ya ukanda huu ina tarehe yake inayoitaja ikiwa imekunja uso, na mara nyingi haitaki kusikia ya jirani.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 ilikusanya matukio 617 ya ukatili mkubwa nchini Kongo kati ya 1993 na 2003. Hukumu zilizofuata ni chache mno. Maana yake ni kwamba kwa sehemu kubwa dosie ya kesi hizo haiko kwenye kabati la mahakama. Iko vichwani mwa watu walewale wanaotetemeka wakisikia buti barabarani. Ukiwalaza, ukawafuatisha daraja mpaka kusikojulikana, ukawapaka picha mpya juu ya picha ya zamani, siku jaji atakapofika wakili wa mshtakiwa atauliza swali moja tu, na shahidi hatakuwa na jibu.

Kuna ukurasa wa Injili ya Yohana unaolisema hili vizuri kuliko vitabu vingi vya saikolojia, na unawafaa watu wa ziwani. Usiku Yesu alipokamatwa, Petro alisimama uani akiota moto wa makaa kwa sababu ya baridi, na usiku huo, mlangoni kwanza kisha mbele ya moto huo, akaulizwa mara tatu kama anamjua mtu yule, akakana mara tatu. Neno la Kigiriki lililotumika kwa moto ule linaonekana mara mbili tu katika Agano Jipya lote. Mara ya pili ni ufukweni, alfajiri, wavuvi wakirudi baada ya usiku bila kitu. Yesu aliyefufuka amewasha moto, juu yake kuna samaki, kuna mkate.

Yeyote aliyewahi kusimama ufukweni Kalundu, mjini Uvira, asubuhi anaijua harufu hiyo. Mitumbwi inaingia na taa zilizozimwa, ndagala wanamwagwa ndani ya mabeseni wakimeta kama misumari mipya, na kando yake mama mmoja ameshapuliza makaa, mikebuka inaanza kuchuruza mafuta. Harufu ya makaa na samaki ni harufu ya kifungua kinywa. Kwa Petro ilikuwa harufu ya uani. Walipokwisha kula anaulizwa swali, tena mara tatu, na mara ya tatu Yohana anasema alihuzunika. Kichocheo kimewashwa makusudi, mbele yake, na mtu anayempenda. Hakulazwa. Hakuambiwa kwamba usiku ule haukutokea. Aliulizwa macho yakiwa wazi, tumbo likiwa limeshiba, wenzake wakiwepo, na safari hii aliweza kujibu. Na kisa cha kukana hakikufutwa kwenye kitabu. Injili zote nne zinacho.

Tiba inayokaribia ufukwe ule kuliko hipnosisi inaitwa tiba ya kusimulia. Iliundwa na Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, na ilikulia zaidi Uganda kuliko Ujerumani: mwaka 2008 walichapisha matokeo ya utafiti wa wakimbizi 277, Wanyarwanda na Wasomali, katika kambi ya Nakivale, ambako tiba ilitolewa na washauri ambao wenyewe walikuwa wakimbizi waliopewa mafunzo. Baadaye imetumika mashariki ya Kongo, hata kwa waliokuwa wapiganaji. Kamba inatandazwa sakafuni, ndiyo maisha. Mtu anaweka maua mahali palipokuwa na heri na mawe mahali palipokuwa na shari. Kisha vikao vinafuata, jiwe kwa jiwe, kwa mpangilio wa miaka. Ulisikia nini? Mikono ilikuwa wapi? Na sasa, hapa, mikono iko wapi? Moyo unaruka, mshauri haukimbii, wanakaa hapo mpaka unatua.

Si njia pekee iliyofanya kazi bila kumlaza mtu. Mwaka 2013 zilitoka habari za wanawake 405 wa vijijini Kivu Kusini na Kaskazini walionusurika ukatili wa kingono. Baada ya miezi sita, katika vijiji vilivyopata tiba ya vikundi ya kupima upya mawazo, wanawake 9 katika kila 100 ndio waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa. Katika vijiji vilivyopata usaidizi wa kawaida wa mtu mmojammoja, walikuwa 42. Walioongoza vikundi ni Wakongomani, wasaidizi wa jamii, si maprofesa.

Hipnosisi ina nafasi yake pembeni ya kazi hii. Kutuliza pumzi kabla ya kugusa jiwe zito, kupunguza maumivu ya mwili ambayo hayataki kuondoka, kumpa mtu njia ya kulala: hapo mchungaji mwenye haki hana la kupinga, maana hata yeye hufanya hivyo kwa zaburi. Lakini iwe pembeni. Kuuliza nini kilitokea kunahitaji mtu aliye macho.

Katika tiba ya kusimulia mshauri huandika. Kila kikao kinaanza kwa kusoma kilichoandikwa, na mwenye maisha anasahihisha: hapana, mvua ilikuwa imeanza kabla ya hapo, hapana, mtoto nilimshika kwa mkono wa kushoto. Mwishoni simulizi zima linasomwa kwa sauti kutoka kuzaliwa hadi leo, linatiwa saini, na anakabidhiwa. Akikubali, nakala inaweza kuhifadhiwa kama ushahidi.

Mama wa Kilibula akiwahi kuipata karatasi kama hiyo, mahali pa kuiweka anapajua. Itaingia kwenye mfuko wa plastiki, katikati ya kadi ya uchaguzi na hati za ubatizo, na fundo litafungwa. Matone yakigonga bati ataamka. Ataupapasa mfuko chini ya mto wa kulalia, ataketi kimya kidogo, akisikiliza upande wa Mulongwe kama mawe yameanza. Yasipokuwa yameanza, viatu vya watoto vitabaki mlangoni.